Kutoka Datsun hadi Vitz: Historia ya Gari la Kwanza la Kijana Kusini mwa Kwale

Gari la kwanza la kijana wa Jego huwa limeshachaguliwa mara kadhaa kabla yeye hajalitia mkono. Limechaguliwa na sheria ya ukaguzi ya Japani, na ukomo wa umri uliowekwa Nairobi, na hesabu ya ushuru katika bandari ya Mombasa, kisha na wenyewe wa kwanza na wa pili waliolitumia na kuliuza. Jego iko karibu na mwisho wa Kenya, kwenye njia itokayo Lunga Lunga kwenda Vanga, yapata kilomita 100 kusini mwa kivuko cha Likoni, na magari mengi hufika huko yakiwa yamepita mikono mingi. Mwenye fedha chache akiuliza anunue gari lipi lisilomfilisi na bado limpe raha ya kuendesha, jibu limekuwa tofauti katika kila kizazi.

Katika miaka ya 1970 na 1980 uchaguzi ulikuwa mfinyu. Serikali ilibana uagizaji ili kulinda viwanda vya kuunganisha magari vilivyoanzishwa katika miaka ya 1970: Leyland huko Thika, General Motors Nairobi na Associated Vehicle Assemblers papo hapo Mombasa. Fedha za kigeni zilipatikana kwa kibali. Gari jipya lilikuwa la afisa, la kampuni au la hoteli, na gari lililotumika lilikuwa lilo hilo likiuzwa baada ya miaka mingi ya kazi: Peugeot 404 au 504, Datsun 1200, Volkswagen, Corolla. Kwa kuwa hakukuwa na la kushindana nalo, bei yake haikushuka kwa kasi ya kumfaa kijana. Vijana wengi wa Kwale walibaki na baiskeli na matatu.

Hata hivyo ladha ya gari la kufurahisha ilijengeka wakati huo, na mjenzi wake alikuwa Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953. Peugeot 404 ilishinda mara 4 katika miaka ya 1960. Datsun 240Z ikashinda 1971 na 1973, Joginder Singh akashinda kwa Mitsubishi Lancer 1974 na 1976, na Shekhar Mehta akatwaa ushindi mara 4 mfululizo kwa Datsun, kuanzia 1979 hadi 1982. Gari lililostahimili matope na mawe ya Safari liliaminika kuwa litastahimili pia barabara ya kijijini, na imani hiyo haikuwa ya bure: magari hayo yalikuwa mepesi, ya gia za mkono, yenye injini ambayo fundi wa chini ya mwembe aliweza kuifungua kwa spana chache. Jaribio la nchi kujitengenezea gari nalo halikuongeza uchaguzi: Nyayo Pioneer, gari la Kenya lililozinduliwa mwaka 1990, halikufika sokoni.

Mageuzi makubwa yalikuja kati ya 1993 na 1995, Kenya ilipolegeza masharti ya uagizaji na kufuta udhibiti wa fedha za kigeni. Magari ya mtumba yakaanza kumiminika Mombasa. Sehemu kubwa ya biashara ya awali ilipitia Dubai, ambako magari ya Japani yalipakuliwa na kuuzwa tena kwa wateja wa Afrika Mashariki na Asia ya Kusini. Mwaka 2000 Dubai ilifungua eneo maalumu la biashara hiyo, na wafanyabiashara wenye asili ya Pakistani walishika nafasi kubwa katika yadi za Mombasa.

Chemchemi yenyewe ilikuwa Japani, na inafaa kueleza kwa nini nchi hiyo iliuza kwa bei ya chini magari ambayo bado yalikuwa mazima. Gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na siku ya ukaguzi mwenye gari hulipa pia kodi ya uzito na bima ya lazima. Hadi 1995 gari lililopita miaka 10 lilipaswa kukaguliwa kila mwaka. Wajapani wengi waliona heri kuuza kuliko kulipa, na magari yao yakaishia kwenye minada ambako kila moja hupewa karatasi ya alama inayoonyesha hali ya bodi na ya ndani. Japani nayo, kama Kenya, huendesha upande wa kushoto, kwa hiyo usukani haukuhitaji kuhamishwa. Kampuni kama Be Forward ya Tokyo, iliyoanzishwa mwaka 2004, ziliweka picha na bei kwenye intaneti, na mnunuzi wa Ukunda akaweza kuagiza bila kupita yadini.

Kenya iliweka mlango wake kwa kiwango cha KS 1515 cha mwaka 2000. Gari linaloingia lisiwe limepita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na usukani uwe wa kulia. Kila Januari mwaka unaoruhusiwa husogea mbele, ndiyo maana Desemba huwa na msongamano wa meli zinazowahi kushusha magari kabla ya tarehe 31. Kanuni hii ndiyo iliyoamua, kuliko tangazo lolote la biashara, vijana wataendesha nini. Toyota Starlet, gari dogo jepesi lililopendwa sana, lilikoma kutengenezwa mwaka 1999; kwa hesabu ya miaka 8, Starlet za mwisho zilipata nafasi ya kuingia Kenya hadi katikati ya miaka ya 2000. Mrithi wake, Vitz, lililotolewa Januari 1999 na injini ya cc 997, likachukua nafasi hiyo. Pamoja nalo zikaja Nissan March, Mazda Demio na Honda Fit. Kwa wenye mizigo ikaja Probox, iliyoanza kutengenezwa 2002 na ambayo vijana wa biashara waliipenda kwa uvumilivu wake.

Mtu wa Jego huona matokeo ya sheria mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu mpaka wa Horohoro uko jirani. Tanzania haikuweka ukomo wa miaka 8. Ilichagua kulitoza gari kuukuu ushuru wa ziada. Hivyo Toyota IST ya kizazi cha kwanza, iliyotengenezwa 2002 hadi 2007, iliendelea kuingia Tanzania wakati Kenya ilikwisha kuifungia mlango. Namba za njano zinazoanza na T huonekana kila siku kwenye lami ya Lunga Lunga. Lakini gari la Tanga, hata likiwa rahisi kiasi gani, haligeuki kuwa la Kenya kwa kuvuka tu: likitaka namba za Kenya huhesabiwa kuwa limeagizwa kutoka nje, na ukomo wa umri na ushuru wote vinalihusu.

Ushuru nao una historia yake, na pigo kali zaidi kwa mnunuzi mdogo lilitokea Desemba 2015. Sheria mpya iliondoa ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 na kuweka kiwango kimoja: shilingi 200,000 kwa gari lililozidi miaka 3, na 150,000 kwa lisilofika umri huo. Mwenye kuagiza Vitz kuukuu na mwenye kuagiza gari la kifahari la umri ule ule walilipa sawa. Gari dogo likapanda bei na gari kubwa likashuka, kinyume kabisa na haki. Mwaka 2016 asilimia 20 ilirudishwa. Baadaye injini zilizozidi cc 1,500 zikawekewa asilimia 25, jambo lililozidi kuwasukuma vijana kwenye injini ndogo, na mwaka 2023 ushuru wa forodha ukapandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35. Ukijumlisha na VAT ya asilimia 16, kodi za gari dogo hukaribia thamani ya gari lenyewe.

Kwa sababu hiyo wengi wa kusini mwa Kwale hununua gari lililokwisha kutumika Kenya, na umri wa kukaa kwake nchini husomwa kwenye namba: KBA ilianza 2007, KCA 2014, KDA 2020. Hapo ndipo raha nayo hurudi, kwani Subaru Impreza ambayo ilikuwa ghali yadini humfikia kijana kwa bei anayoweza. Jina la Subaru lilikuzwa Kenya na Patrick Njiru katika Safari za miaka ya 1990, na mngurumo wa injini yake bado huvuta vijana. Gharama yake huja baadaye, kwenye mafuta, vipuri na bima, kwa kuwa kampuni nyingi za bima humtaka dereva kijana au mwenye leseni changa abebe sehemu kubwa zaidi ya hasara. Vitz au March yenye gia za mkono huchangamka vya kutosha kwenye kona za Msambweni, na spea zake hupatikana Likoni na Ukunda bila kutafutwa Nairobi.

Upepo wa chumvi una neno la mwisho katika bei. Gari lililoishi Diani au Vanga huliwa na kutu chini ya milango, kwenye fremu na kwenye mabomba ya breki, huku rangi ya juu ikingʼaa. Lililotoka bara huwa na bodi safi ingawa injini imechoka. Tangu barabara ya Dongo Kundu ilipounganisha Mombasa na Kwale bila kivuko mwaka 2024, imekuwa rahisi kwa mnunuzi kwenda kuangalia magari ngʼambo na kurudi siku hiyo hiyo akiwa na fundi wake. Fundi huinama chini ya gari, naye mnunuzi huthibitisha kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani iliyoundwa kwa sheria ya 2012, kwamba jina lililo kwenye kitabu cha gari ni la muuzaji na kwamba gari halijawekwa rehani.