Nani Atafagia Nyumba?

Mfikirie, ewe msomaji, mume na mke wakaao katika mtaa mmojawapo wa Nairobi. Mke ni muuguzi, mume ni karani. Wote wawili hutoka nyumbani kabla jua halijachomoza, nao hurudi taa za barabarani zimekwisha kuwashwa. Sakafu haijafagiliwa tangu Jumapili, nguo zimerundikana katika beseni, na vyombo vya jana vingali jikoni. Baada ya chakula cha usiku mke asema, "Baba Kamau, hatuwezi kuendelea hivi. Tutafute mtu wa kutusaidia." Naye mume ajibu, "Tutamlipa nini, Mama Kamau? Karo ya shule yatungoja mwezi ujao."

Huenda mazungumzo ya namna hiyo umepata kuyasikia kwenu, ukadhani kwamba ni jambo la siku hizi tu, lililoletwa na ofisi na safari ndefu za matatu. Sivyo. Swali hilo ni la kale, nalo lina historia yake katika nchi yetu. Na ajabu yake ni kwamba kwa muda mrefu mno walioliuliza walikuwa wale wale, yaani wenye nyumba. Mtu wa tatu, yule ambaye angeshika ufagio, hakuulizwa neno.

Tuanze pwani. Katika majumba ya mawe ya Mombasa na Lamu, katika karne ya 19, tajiri hakuwa na haja ya kuhesabu mshahara wa mtu wa kufagia, kwa kuwa kazi hiyo ilifanywa na watumwa. Mjakazi aliteka maji kisimani, akatwanga, akapika, akafua, akawalea watoto wa bibi yake. Na saa zake zote, za mchana na za usiku, zilikuwa mali ya mwingine. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kuyafunga masoko ya watumwa, lakini waliokuwa tayari ndani ya nyumba walibaki humo. Huko Unguja sheria iliacha kuutambua utumwa mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Ndipo kwa mara ya kwanza mwenye nyumba wa Mombasa alipolazimika kukaa na mkewe na kuulizana: je, tutamlipa nini?

Lugha yetu imeyahifadhi mambo hayo kwa namna yake. Maneno mtumwa na mtumishi yametoka katika shina moja, nalo ni kutuma. Mtumwa hutumwa wala hana ruhusa ya kukataa. Mtumishi hutumika kwa ujira, na akitaka aweza kuondoka. Kwa sauti maneno hayo ni ndugu kabisa, na utaona kwamba katika historia pia hayakuachana upesi.

Sasa twende bara. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1905 makao ya serikali yakahamishwa kutoka Mombasa kuja huko. Mahali palipokuwa kinamasi pakajaa maofisa, wahandisi na wafanya biashara, ambao kila mmoja alitaka mtu wa kumpikia na kumfulia. Watu hao wangepatikana wapi? Mwafrika aliyekuwa na shamba lake na mbuzi wake hakuwa na sababu ya kwenda kupangusa viatu vya mgeni. Sababu ililetwa na serikali. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1901, na kodi ya kichwa ikafuata mwaka 1910. Tena ardhi nyingi nzuri ilikuwa imekwisha kugawiwa walowezi. Kodi ilitakiwa kwa fedha, na kwa wengi fedha hazikupatikana ila kwa kumfanyia mtu mwingine kazi. Wazee wetu wana methali isemayo, "Mtumikie kafiri upate mradi wako," na wengi walikwenda Nairobi na mradi mmoja tu moyoni: kuipata kodi, kisha kurudi kwao.

Jambo moja huwashangaza vijana wa leo waambiwapo. Watumishi hao karibu wote walikuwa wanaume. Mpishi alikuwa mwanamume, mfagiaji alikuwa mwanamume, na dobi, ambaye hata jina lake limetoka Bara Hindi, alikuwa mwanamume. Yaya peke yake ndiye aliyekuwa aghalabu mwanamke. Wanawake walihitajiwa mashambani, ambako bila jembe lao watoto wangekufa njaa. Wazee hawakupenda binti zao waende mjini. Na nyumba ambazo wakubwa wa mji waliwajengea Waafrika zilikuwa vyumba vya watu wasio na jamaa. Basi mtu mzima, mwenye mke na watoto, ambaye kijijini kwao husikilizwa barazani, mjini aliitwa "boi", yaani mvulana, na aliyemwita hivyo pengine alikuwa mtoto wa miaka sita.

Aliamka kukiwa giza, akawasha jiko la kuni ili maji ya kuoga yachemke, akapeleka chai chumbani. Alisugua sakafu kwa magoti. Usiku, wageni wakiisha kuondoka, aliosha vyombo vyao, kisha akaenda kulala katika chumba kidogo nyuma ya nyumba kubwa, kilicho karibu kutosha aitwapo asikie. Hata lugha aliyoamrishwa kwayo ilikuwa ya namna ya peke yake. Watu waliiita Kisetla: Kiswahili kilichonyolewa sarufi kikabaki amri tupu. Nawaambia ninyi mnaosumbuka na ngeli darasani kwamba walikuwako watu walioishi hapa miaka 30 wasipate kujua kwamba kitenzi kina haja ya kiambishi.

Je, mtumishi huyo aliweza kuondoka akitaka? Hapo ndipo tofauti kati ya yale maneno mawili ilipokuwa nyembamba sana. Kwa sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1906, kuacha kazi bila ruhusa kulikuwa kosa la kupelekwa mahakamani. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza kwisha. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alitakiwa kuchukua kipande, chenye alama za vidole vyake, nacho alikivaa shingoni ndani ya kibweta cha bati. Humo mwajiri aliandika siku ya kuanza kazi, mshahara na siku ya kumaliza. Bwana akikataa kutia sahihi ya kumwachilia, mtumishi hakuweza kupata kazi kwingine. Akitoroka, alitafutwa kama mhalifu. Harry Thuku na wenzake walikipinga kipande hicho kwa nguvu, na Thuku alipokamatwa mwezi wa Machi 1922 watu walikusanyika Nairobi kumdai, na wengi wakapigwa risasi na kufa. Kipande chenyewe kiliondolewa mwaka 1947, mahali pake pakawekwa kitambulisho cha watu wa rangi zote.

Mwaka huo huo ulianza kwa jambo ambalo, kwa maoni yangu, halisimuliwi vya kutosha. Tarehe 13 Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa wapatao 15,000 waligoma. Vitabu hutaja kwanza makuli wa bandarini na watu wa reli, na ni haki, kwa maana meli zilikaa bila kupakuliwa. Lakini watumishi wa nyumbani nao waligoma. Mtu wa bandarini huwa pamoja na mamia ya wenziwe, lakini mtumishi wa nyumbani yu peke yake jikoni mwa bwana wake, na akitoka hapo amekipoteza hata chumba cha kulala. Walitoka hata hivyo. Kwa siku 12 wenye nyumba wa Mombasa walijipikia, wakajifulia, wakajifagilia. Chege Kibachia, aliyeongoza chama kilichozaliwa katika mgomo huo, alikamatwa mwezi wa Agosti akahamishiwa mbali Baringo kwa miaka mingi. Serikali iliweka baraza la kuchunguza mishahara chini ya Jaji Thacker, ambaye ndiye yule yule aliyemhukumu Jomo Kenyatta huko Kapenguria mwaka 1953.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, nyumba kubwa zilipata wenyewe wapya, na polepole kazi ya nyumbani ikatoka mikononi mwa wanaume ikaingia mikononi mwa wasichana. Jamaa sasa ziliishi mjini pamoja. Wanawake waliosoma wakawa walimu, wauguzi na makarani, wakatoka asubuhi kama waume zao. Nani abaki na mtoto? Mara nyingi aliletwa binti wa ndugu kutoka kijijini. Hakuitwa mtumishi, aliitwa mtoto wa nyumbani, na ahadi ilikuwa kwamba atasomeshwa. Wako waliosomeshwa kweli, wakawa watu wakubwa. Wako pia ambao miaka ilipita wakifua sare za binamu zao bila kupata kuvaa zao. Siwezi kuulaumu udugu wenyewe, lakini udugu ulikuwa na njia yake ya kuficha hesabu ya saa ambayo mgeni angeidai waziwazi. Mwaka 2003 serikali ilipoondoa karo katika shule za msingi, baadhi ya watoto wa namna hiyo waliuacha ufagio wakaingia darasani.

Sheria nayo ilifika, ingawa kwa mwendo wa kobe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanya kazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, wala haisemi kwamba jiko la mtu si mahali pa kazi. Tarehe 16 Juni 2011, huko Geneva, mataifa yalipitisha Mkataba nambari 189 kwa ajili ya wafanya kazi wa nyumbani wa dunia nzima. Ilikuwa imepita miaka 104 tangu sheria ya mwaka 1907 ya pwani yetu.

Basi turudi kwa Baba Kamau na Mama Kamau, ambao chai yao imekwisha poa. Mume amehesabu mshahara, karo na kodi ya nyumba. Mke amehesabu saa: saa tatu za kazi ya nyumbani kila usiku, baada ya zamu ya hospitali, nazo ni saa 21 kwa juma. Hesabu zote mbili ni za kweli. Lakini umeona, msomaji, ni neno gani ambalo halikutamkwa mezani? Kwa miaka 60 Nairobi ilifagiwa, ikapigwa deki na kupikiwa na mikono ya wanaume, na huenda babu yake Baba Kamau alikuwa mmoja wao, fundi hodari wa kupiga pasi. Siku hizi mjukuu wake asema ufagio ni kazi ya wanawake. Mama Kamau alimkumbusha habari za babu huyo, na mume, baada ya kunyamaza kitambo, akakubali vyombo vya usiku viwe vyake.

Nguo zilibaki. Wakapatana kumwita mama fua, mara mbili kwa juma, kwa malipo ya kutwa. Alikuja siku ya Jumatano, ambayo ilikuwa siku ya mapumziko ya Mama Kamau. Alisimama mlangoni, akasalimu, na kabla ya kuvua viatu akauliza, "Mama, nitatoka saa ngapi? Mtoto wangu hutoka shuleni saa tisa, na hakuna mwingine wa kumpokea."

Wakapatana saa nane, ndipo beseni likatolewa nje.