Linux Ilivyofika Bunda

Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam Julai 2009, wilaya za Bunda na Serengeti zilikuwa tayari na mtandao wao. Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na chuo cha KTH cha Stockholm walikuwa wameanzisha huko mradi wa ICT4RD mwaka 2006, wakitumia mkongo uliopita kwenye nguzo za umeme za TANESCO kuunganisha shule, hospitali na ofisi za halmashauri.

Sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na ruta zilizoundwa kwa kompyuta ndogo, zinazokula umeme kidogo kiasi cha kuendeshwa kwa sola. Ndani ya ruta hizo ulikuwamo mfumo endeshi huria wa Linux, toleo la Bifrost kutoka Uswidi, linalokaa kwenye flashi moja. Fundi aliyeifahamu aliweza kuifungua na kuitengeneza bila kusubiri kibali cha kampuni yoyote.

Lakini kufunga mfumo ni siku moja. Kuutunza ni miaka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, fundi wa Unix, mfumo ambao Linux inaufuata, aliunda programu mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake, kisha mafaili yake yakatapakaa kwenye diski. Siku ya kuiondoa, alibaki kukisia faili lipi ni la nani. Debian, toleo la Linux lililoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ilileta dpkg: daftari linaloandika kila faili limeingia na pakeji gani, yaani programu ipi iliyofungashwa. Red Hat, toleo jingine la Linux, ikafuata na RPM, yenye kazi hiyohiyo, mwaka 1995. Mwaka 1999 Debian 2.1 ikaja na APT, inayotambua yenyewe pakeji ipi inahitaji ipi, na kwenda kuzichukua zote ghalani, yaani kwenye seva inayozihifadhi.

Ghala lilikuwa ng'ambo. Kabla ya 2009 Tanzania ilifika huko kwa setilaiti, polepole na kwa gharama kubwa, hivyo CD ndizo zilizobeba Linux. Ubuntu, toleo la Linux lililozaliwa 2004, ilizituma bure kwa posta hadi 2011, na APT husoma CD kama inavyosoma ghala la mbali.

Busara ya utaratibu huu ni kwamba ghala linaweza kuwa popote. Kila orodha ya pakeji ina saini ya kidijitali, kwa hiyo iliyochezewa njiani hugundulika, hata ikiletwa na flashi ndani ya basi la Mwanza. Butiama, jirani na Bunda, sasa ina Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Nyerere. Kiweke seva moja ichukue pakeji mpya usiku, na maabara za shule za Musoma na Bunda zisasishe kompyuta zao kutoka hapo. Kwa kila kompyuta, kazi ni kubadili anwani ya ghala.