Karne ya Dhahabu ya Hispania na Kiswahili Chetu



Wanahistoria huita "Karne ya Dhahabu" ule muda wa karne ya 16 na ya 17 ambapo fasihi na sanaa zilichanua nchini Hispania kuliko wakati mwingine wowote. Baadhi ya watu wake tunawafahamu kanisani. Mtakatifu Teresa wa Avila aliandika mwaka 1577 juu ya roho iliyo kama ngome yenye makao saba. Mtakatifu Yohane wa Msalaba alitunga baadhi ya mashairi yake makuu akiwa kifungoni Toledo, 1577 hadi 1578, na waliomfunga hawakuwa wapagani, bali watawa wenzake Wakarmeli waliopinga matengenezo ya shirika.

Naye Miguel de Cervantes alilemaa mkono wa kushoto katika vita vya Lepanto mwaka 1571, kisha akawa mateka huko Algiers miaka mitano, hata watawa wa Utatu Mtakatifu wakamkomboa mwaka 1580. Mtu wa namna hiyo angeweza kuwachukia Waislamu hadi kufa. Badala yake, katika Don Quixote (1605 na 1615), anajifanya kuwa habari zake zimefasiriwa kutoka Kiarabu, kazi ya mwanahistoria aitwaye Cide Hamete Benengeli. Ni mzaha, naam. Lakini kuanzia mwaka 1609 nchi yake iliwafukuza wazawa wa Waislamu, ingawa walikuwa wamebatizwa.

Je, hayo yanatuhusu nini sisi wa Kigoma na Ujiji?

Tangu 1580 hadi 1640 wafalme wa Hispania walitawala Ureno pia. Ndiyo maana Ngome ya Yesu kule Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ni kazi ya enzi ya Felipe II, mfalme yuleyule aliyejenga El Escorial. Agosti 1631, Yusuf bin Hasan, sultani wa Mombasa aliyelelewa Goa na kubatizwa Jerónimo, aliasi akaiteka ngome; Wakristo waliokataa kuikana imani waliuawa, Wareno na Waafrika pamoja. Mfalme wa watu hao alikuwa Felipe IV, ambaye mchoraji wake wa ikulu alikuwa Velázquez.

Lakini uchanuzi ule haukupanda merikebu kuja huku. Zilikuja ngome na mizinga. Katika lugha yetu Wareno walituachia meza, bendera, na gereza, ambalo asili yake ni igreja, yaani kanisa! Neno hilo hunisikitisha kila nilifikiripo.

Mwaka 1728 Wareno walirudi Mombasa kwa muda mfupi. Utendi wa Tambuka wa Bwana Mwengo wa Pate una tarehe ya mwaka huohuo: beti zaidi ya elfu moja, kwa hati ya Kiarabu, juu ya vita vya Waislamu na mfalme Mkristo Heraklio. Baadaye zikafuata Al-Inkishafi, mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, na mwaka 1858 utenzi wa Mwana Kupona, aliyemwandikia binti yake kama Teresa alivyowaandikia masista wake. Hiyo nayo, kwa maoni yangu, ni karne ya dhahabu, na haikulipiwa na mfalme yeyote wa Ulaya.

Kiswahili kilisafiri na misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi ziwani. Wamisionari wa Afrika walipofika Ujiji Januari 1879 walikikuta sokoni. Mapadre hawakulazimika kubuni maneno ya kumwambia mtu habari za dhambi, rehema, malaika, wala hata msalaba. Yalikuwapo tayari, yameletwa na Waislamu wa pwani kutoka Kiarabu. Katika Salamu Maria tunayosali kila jioni, salamu ni yao, neema ni yao, na ile saa ya kufa kwetu pia.