Miguu ya Wazee wa Gusii

Riadha ya Kenya ikitajwa, watu hukimbilia Iten na Eldoret. Mimi, niliyefundisha michezo Nyamira hadi kustaafu, huanza na Gusii. Mwaka wa 1954 Nyantika Maiyoro alishika nafasi ya nne katika mbio za maili tatu za Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Vancouver. Miaka miwili baadaye alikuwa Melbourne, Kenya iliposhiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza. Mwaka wa 1968 Naftali Temu akashinda mita 10,000 mjini Mexico City, dhahabu yetu ya kwanza ya Olimpiki.

Kizazi hicho kilikulia kwenye miteremko. Mlima wa Manga ulipandwa kwa miguu. Wimbi lilipaliliwa kwa kuinama kutoka kiunoni, magoti yamenyooka, misuli ya nyuma ya mapaja ikivutika asubuhi nzima. Kisha chai ikaenea kwa wakulima wadogo, hasa baada ya KTDA, mamlaka ya ustawishaji wa chai, kuundwa mwaka wa 1964, na mchumaji akazoea mkao mmoja saa nyingi, kikapu mgongoni. Siku hizi bodaboda humfikisha mzee hadi mlangoni. Misuli isiyovutwa hukakamaa, na uzee huongeza ukakamavu huo.

Mwaka wa 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida walichapisha matokeo ya kunyoosha misuli ya miguu ya panya wazee nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki nne. Vishipa vya damu viliongezeka ndani ya misuli, na damu ikapita kwa wingi zaidi panya walipofanya mazoezi. Utafiti wa mwaka wa 2001 kwa watu wa miaka 65 na zaidi ulionyesha kuwa kushikilia mvuto kwa sekunde 60 kulilegeza misuli ya nyuma ya mapaja zaidi kuliko sekunde 15 au 30.

Ndiyo maana wazee wa kijijini kwetu hukutana nami uwanjani mwa kanisa. Viganja ukutani, mguu mmoja nyuma, nami namhimiza bibi mmoja: "Magokoro, kisigino kisiinuke!" Wanahesabu polepole hadi sitini, kisha wanabadilisha mguu.

Kunyoosha peke yake hakurudishi nguvu. Jembe na mlima bado vinahitajika. Lakini mguu uliolegea hupanda mlima bila woga. Naziomba kaunti zetu mbili, Kisii na Nyamira, ziyapeleke mazoezi haya katika kila zahanati, kwa maana hayahitaji dawa wala mashine.