Kuzaa si Kazi, Kazi Kulea

Wazee wetu walisema: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Neno hili lafaa kwa watoto wa nyumbani. Lafaa pia kwa watoto wa ubatizo. Tuangalie mambo yaliyotokea katika nchi yetu ya Katanga.

Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, mji tuuitao Lubumbashi tangu mwaka 1966. Mwaka uleule walifika Mapadri Wabenedikto, wakiongozwa na Jean-Félix de Hemptinne. Watu wa makabila mengi walikuja kutafuta kazi ya shaba. Wengi walijifunza katekisimu, wakajua maswali na majibu kwa moyo, wakabatizwa. Lakini mtu aliyeacha kijiji chake aliacha pia baba na mama, wajomba na mashangazi. Nani amwonye akikosa? Nani amtie nguvu akilegea? Padri mmoja hawezi kuingia kila nyumba ya kambi.

Shida hiyo ilimgusa Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliyefika Kongo mwaka 1933. Miaka mingi alifundisha, akaona maneno yake yapita juu ya vichwa. Ndipo akabadili njia: akaanza kuwauliza watu wanataka nini katika maisha. Akasikia mambo matatu: uzima, uzazi, na mapendo. Akatambua kwamba haya ndiyo Kristu anayoyatoa.

Mwaka 1953 alitumwa Ruwe, karibu na Kolwezi, kati ya wafanyakazi wa migodi. Hapo ikazaliwa Jamaa. Bwana na bibi waliingia pamoja, si mmoja peke yake. Waliokwisha kukomaa waliwapokea wapya kama watoto wao, wakawaongoza hatua kwa hatua. Wakaitana baba na mama. Mfanyakazi aliyezoea kumwamuru mkewe tu alijifunza kukaa naye, kumwambia mawazo yake na kuyasikiliza ya kwake. Jamaa ikaenea katika miji ya Katanga, hata Elisabethville, na mpaka Kasai.

Lakini tusifiche jambo la pili. Padri Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962, wala hakurudi. Alifariki mwaka 1977. Wengine waliobaki waliyafanya mafundisho yao kuwa siri ya wachache. Wengine walijitenga, wakaitwa Katete. Maaskofu wakatia mashaka, wakaweka masharti, na nyumba nyingi zikaumia: ndugu waliokula pamoja hawakusalimiana tena.

Basi sisi tujifunze nini? Mambo mawili. Kwanza, imani haikomai kwa katekisimu peke yake. Yataka mtu wa kumshika mwenzake mkono. Pili, mlezi si mwenye mtoto. Mlezi anayemtenga mtoto na parokia, na Misa, na wachungaji wake, anamlea kwa ajili yake mwenyewe, si kwa ajili ya Kristu.

Wapenzi wasomaji, tulisimama karibu na kisima cha ubatizo, tukaitwa wazazi wa ubatizo. Sikukuu ikaisha, chakula kikaliwa, picha zikapigwa. Je, mtoto wetu yuko wapi leo? Tulimtembelea lini? Jumapili hii, baada ya Misa, twende tukabishe hodi mlangoni pake.