Feni ya Anderstorp

Katika mashindano ya motokaa ya Formula One, mwaka 1978 ulikuwa wa Lotus. Motokaa zake zilichongwa hata hewa ipitayo uvunguni ikazivuta chini, nazo zikakata kona kwa kasi ya ajabu. Gordon Murray, mhandisi wa Brabham, hakuweza kuiga: injini yake ya Alfa Romeo ilikuwa pana mno, ikaiziba njia ya hewa.

Basi akatia feni kubwa nyuma, na uvungu akauzungushia marinda. Feni ilifyonza hewa, motokaa ikagandamana na barabara; injini ikivumishwa hali imesimama, ilionekana ikichutama. Sheria ilikataza chombo chochote chenye mwendo ambacho kazi yake kuu ni kuifanya hewa iigandamize motokaa. Neno “kuu” ndilo lililokuwa mlango. Murray aliweka rejeta juu ya injini, akadai kuwa feni kazi yake kuu ni kuipoza. Lakini siku ya kupanga nafasi madereva wake walikwenda na matangi yaliyojaa petroli, ili uzito uifiche kasi. Mwenye kupoza injini tu angeficha nini?

Tarehe 17 Juni, huko Anderstorp, Uswidi, Niki Lauda alishinda kwa zaidi ya sekunde 34. Wenye timu nyingine walighadhibika. Bernie Ecclestone, mwenye Brabham, alikuwa pia kiongozi wa chama chao, na umoja ule ulimfaa kuliko feni, akaiondoa. Ushindi wa Lauda haukufutwa, wala motokaa ile haikurudi tena katika mashindano ya ubingwa.