Karamazov kwa Njia ya London

Mwaka 1990 wasomaji wa Kiingereza waliletewa tafsiri mpya ya The Brothers Karamazov, riwaya ya Dostoevsky, iliyofanywa na Richard Pevear na mkewe Larissa Volokhonsky. Ile ya Constance Garnett walikuwa nayo tangu 1912. Wenzetu hawaoni haya kurudia kazi iliyokwisha fanywa. Mimi, hapa Tanga, sijapata kuishika riwaya hiyo kwa Kiswahili hata mara moja. Nikilisema jambo hili barazani hujibiwa kwamba ipitie Kiingereza, kwani Kirusi anakijua nani?

Njia hiyo si ngeni kwetu. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, nje kidogo ya mji wetu, alitoa Omar Khayyam kwa Kiswahili mwaka 1952 kwa kufuata Kiingereza cha Edward FitzGerald cha mwaka 1859. Fikiri, msomaji: mashairi ya Kiajemi yalizunguka Uingereza ndipo yakafika pwani hii, ambayo maneno yake bandari na serikali yana asili ya Kiajemi! Yalifika, na yakapendeza. Lakini FitzGerald alijipa uhuru mkubwa. Pengine aliunga beti mbili zikawa moja. Uhuru ule Shaaban aliurithi bila ya kuuchagua.

Mwaka 1979 Christon Mwakasaka alituletea tamthilia ya Gogol, Mkaguzi Mkuu wa Serikali, na hakuna aliyehitaji kuelezwa jinsi wilaya inavyohangaika mkubwa anapotarajiwa.

Riwaya ina ugumu wake. Mrusi humwita mtu kwa heshima kwa jina lake na la baba yake: Dmitri Fyodorovich. Mwingereza huliona jina hilo mzigo. Kwetu ni Dmitri bin Fyodor, basi, na kila mzee wa Pangani angelielewa. Ndiyo maana nasema kupitia Kiingereza ni kuazima kwa jirani kitu kilichomo ndani ya nyumba yako.

Na Kirusi kipo. Vijana wetu walisoma Moscow, katika chuo kilichofunguliwa 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata. Walirudi madaktari na wahandisi. Leo waliotangulia ni wazee sana. Mmoja wao nilimwuliza kwa nini hakutafsiri hata hadithi fupi.

"Niliombwa mitambo," akasema. "Hadithi hakuna aliyeniomba."